Bendi Iliyobeba Jina Letu

Hebu fikiria, msomaji. Kuna bendi inaitwa kwa jina la mji wako. Inapigwa redioni, watu wa Tabora wanaijua, watu wa Tanga wanaijua, na kila mtangazaji akiitaja ni kama anakutaja wewe. Ila wewe mwenye mji hujapata kuiona hata siku moja. Utajisikiaje?

Hayo ndiyo yaliyompata mjomba wangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, mvuvi, mwenye mikorosho yake michache, na shabiki wa Kilwa Jazz mpaka mwisho. Nimekaa na habari hii miaka mingi bila kuiandika, kwa sababu ndani yake mna uongo mmoja mdogo ambao haukuwa wangu kuutoa. Sasa mwenyewe ametangulia mbele ya haki, alifariki mwaka 2017, na mimi naona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimemzika mara mbili.

Majina yanayosafiri

Sisi watu wa kusini tumejaliwa kutoa majina. Ukitoka katikati ya Dar kwenda Mbagala unapita Barabara ya Kilwa. Kijana anayetembeza soksi na miwani Kariakoo anaitwa Mmachinga, na inasemwa asili ya neno ni Machinga, kwetu Lindi. Majina yanakwenda mjini, yanapata maisha yao huko, na mara nyingi hayarudi hata kusalimia.

Kilwa Jazz ilikuwa hivyo hivyo. Bendi hii, iliyoongozwa na Ahmed Kipande, ilikuwa moja ya zile zilizotikisa Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Makao yake yalikuwa Dar, siyo Kilwa. Zamani hizo bendi za mjini zilikuwa zinabeba asili za watu waliozianzisha: Western Jazz ilikuwa ya watu wa mikoa ya magharibi, upande wa Tabora, Rufiji Jazz jina lake linajieleza, na Kilwa Jazz ndiyo sisi. Mtu akishuka mjini hana ndugu, hana kazi, akienda dansini kwenye bendi ya kwao anakuta anayejua shamba la babu yake liko wapi. Bendi ilikuwa muziki, lakini ilikuwa pia baraza.

Neno "jazz" lisikudanganye. Wachache walipiga jazz ile ya Wamarekani. Walichopiga ni dansi, lenye rumba ndani yake, rumba ya Kuba iliyoingia kwa santuri za GV, na baadaye ile ya Kongo. Gitaa la solo, la rizim, besi, tumba, dramu, tarumbeta na saksafoni ambayo vijana wa mjini waliiita mdomo wa bata. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, na hapo ndipo mjomba alipokamatwa. Alikuwa akisema rumba ya Kongo ni tamu lakini hujui umetukanwa au umesifiwa. Ya kwetu unajua.

Kabla ya gitaa

Wapo wanaodhani ushabiki wa bendi uliletwa na umeme. Siyo kweli. Kabla ya gitaa pwani hii ilikuwa na beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, na kwa maelezo yake ngoma hii ilianzia Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, kisha ikasambaa na askari na makarani kila walikopelekwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kusini, na mapigano makali kama yale ya Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, askari wa pande zote mbili walikuwa na beni yao mfukoni.

Na beni haikuchezwa na kundi moja tu. Palikuwa na Marini na palikuwa na Arinoti. Marini ndio waliojiona mabwana. Kila upande ulikuwa na Kingi wake, Jenerali wake, sare zake na paredi yake, na upande mmoja ukichinja ng'ombe wawili mwingine unatafuta watatu hata kwa mkopo. Bibi yangu hakuwahi kuwa na habari na kitabu cha Ranger, lakini alijua jambo hilo vizuri. "Wanaume walikuwa na beni yao," alikuwa akisema, "na sisi tulikuwa na lelemama yetu, na aliyeshindwa hakulala."

Kwa hiyo ukiona leo watu wazima wanagombana Msondo na Sikinde nani zaidi, usiwacheke. Ni ugonjwa wa zamani, umebadilisha nguo tu.

Sauti bila uso

Radio Tanzania Dar es Salaam ilipata jina hilo mwaka 1965, na kwa miaka zaidi ya ishirini ndiyo ilikuwa kila kitu. Bendi zilirekodi katika studio zake, nyimbo zikapigwa hewani, nchi nzima ikasikia. Santuri zilikuwapo, lakini zilikuwa zinagandamizwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena mwaka 1983, njia hiyo nayo ikawa taabu tupu. Kilwa Kivinje nani alikuwa na gramafoni? Watu walikuwa na redio. Na redio ilikuwa na betri, na betri zilikuwa zinaanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi.

Mjomba alikuwa na redio yake imevishwa kitambaa kama mtoto mchanga. Alizijua bendi kwa sauti. Anasikia gitaa kidogo tu, anasema, "Huyu siyo yule wa zamani, wamebadilisha mpiga solo." Na kweli, baadaye inasikika amehama. Alikuwa na picha ya kila mwanamuziki kichwani, huyu mrefu, huyu mweusi tititi, huyu ana mwanya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtia machoni.

Nakuomba ulipime jambo hili vizuri, wewe kijana mwenzangu unayefungua simu ukamwona msanii anapiga mswaki. Kulikuwa na kizazi kizima, toka Kilwa mpaka Lindi, kilichopenda sauti zisizo na uso. Kumwona mwanamuziki jukwaani kwao lilikuwa jambo la kuthibitisha kwamba duniani mna mtu kweli, ana miguu, anatoka jasho.

Mto

Kilichokaa katikati ya mjomba na bendi yake ni maji. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar ni kama kilomita 300, na katikati yake unalala mto Rufiji. Kabla ya daraja palikuwa na kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika barabara yenyewe ilikuwa tope linalomeza lori. Kusini ilikuwa inafungwa. Miezi kadhaa kila mwaka mtu wa Kilwa alikuwa kisiwani hata kama hakai Kisiwani.

Bendi zilijaribu. Msimu wa korosho, pesa ikiwa mikononi mwa watu, zilikuja kusini na lori, vyombo vimefunikwa turubai, jenereta nyuma. Lakini hesabu ya bendi ni hesabu ya mafuta. Unalipia lori, unalipia chakula cha watu kumi na tano, halafu kivuko kinakuweka siku mbili. Ukifika Lindi au Mtwara, ambako kuna wafanyakazi wengi zaidi, hapo ndipo utapiga ili urudishe gharama. Vijiji vya katikati vilisikia mlio wa lori tu.

Mara ya kwanza mjomba alijaribu kwenda mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliuza korosho, akanunua suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, akapanda lori. Mto ulikuwa umefurika. Alikaa ukingoni siku nne, akila pesa ya kiingilio kidogo kidogo, siku ya tano akageuza. Raizoni zile aliziuza Muhoro apate nauli.

Mara ya pili ilikuwa 1984. Safari hii hakutaka kusikia habari ya mto. Alingoja kusi lianze kuvuma, akapanda jahazi mpaka Dar. Alifika. Kilwa Jazz hakuikuta.

Wala hakukuwa na siri. Tangu miaka ya 1960 muziki wa dansi ulikuwa unahamia mikononi mwa mashirika na taasisi. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianzishwa mwaka 1964, na wanamuziki wake walikuwa na mshahara kama karani yeyote. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilikuwa ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikawa DDC. Bendi ya watu wa nyumbani, inayonunua nyuzi za gitaa kwa kiingilio cha mlangoni, itashindana vipi na hao? Halafu njoo kwenye ile miaka ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, na baada yake: fedha za kigeni hakuna, amplifaya ikiungua hakuna nyingine. Bendi nyingi za namna ile zilizimika bila hata tangazo. Mjomba alikaa Dar wiki mbili kwa ndugu, akauza samaki wa kukaanga, akarudi nyumbani na kanga mbili za shangazi. Kuhusu dansi hakusema neno.

Usiku wa Ilala

Tarehe 2 Agosti 2003 daraja la Rufiji lilifunguliwa, likaitwa daraja la Mkapa, karibu kilomita moja kwa urefu. Miaka miwili baadaye mimi nilikuwa kidato cha pili. Likizo moja mjomba akaja nyumbani, akamwambia mama, "Nipe huyu kijana, nakwenda naye Dar, ataniandikia majina." Majina gani, mama hakuuliza.

Tulipita Somanga, vumbi la Ndundu likatupaka wote rangi moja, maana lami ya kipande kile ilikuwa bado. Tulipofika darajani mjomba alisimama ndani ya basi. Watu wakamwambia kaa mzee. Akasema, "Niacheni nivuke nimesimama." Dakika moja tu, basi likawa ng'ambo. Akakaa, akaangalia dirishani mpaka Kibiti bila kusema kitu. Mimi kwa utoto wangu nilidhani anaumwa tumbo.

Jumapili jioni akanipeleka ukumbi mmoja wa Ilala. Msondo Ngoma walikuwa wanapiga, ile ile NUTA ya zamani iliyokuwa imepita majina ya JUWATA na OTTU. Mlangoni walitaka kunirudisha kwa umri wangu. Mjomba akawaambia mimi ni karani wake. Wakacheka, tukaingia.

Sasa nitakuambiaje? Redioni wimbo unaanza, unakwisha, mtangazaji anasoma salamu. Pale ukumbini wimbo ulikuwa hauishi. Waimbaji walikuwa wamejipanga mstari, wanaimba beti taratibu kama watu wanaoeleza kesi, wewe unatulia unasikiliza kesi. Halafu, bila mtu kukuambia, tumba inabadilika, magitaa yanaanza kukimbizana, tarumbeta zinakata, na hapo ndipo panaitwa chemko. Watu waliokuwa wamekaa wanasimama kama wameitwa na mwalimu. Kipande ambacho redioni kilipewa dakika mbili, pale kilikwenda dakika kumi. Na besi haingii masikioni. Besi inaingia kifuani, inagonga mahali ambapo redio ya mjomba haikuwahi kufika.

Niliona pia mambo ambayo sauti huyaficha. Mpiga solo hatazami vidole, anatazama mlango nani anaingia. Mwimbaji akimaliza ubeti anajifuta jasho na kumcheka mwenzake. Wanawake walikuwa wanakwenda mbele na noti, wanambandika mtu usoni, wanarudi kwa madaha wamefanya kazi yao.

TX Moshi William aliimba. Kisha akaimba Muhidin Maalim Gurumo. Alipofungua kinywa tu mjomba alinishika mkono kwa nguvu, akasema, "Ndiye." Siyo "huyu anaimba vizuri", siyo "unamsikia". Ndiye. Kama mtu aliyeletwa kumtambua ndugu yake. Nilimtazama, machozi yalikuwa yanateremka na wala hayafuti.

Wakati wa mapumziko alimfuata mmoja wa wapenzi wa bendi, mzee wa makamo yake, aliyekaa meza ya mbele kama mwenye nyumba. Akamsalimia, wakakumbushana nyimbo. Mjomba akajitambulisha anatoka Kilwa. Yule mzee akapiga meza. "Kilwa! Basi wewe Kilwa Jazz umewaona!"

Kimya kidogo.

"Sana," akajibu mjomba. "Arnautoglu."

Arnautoglu ni ule ukumbi wa Mnazi Mmoja uliokuwa na sifa kwa dansi enzi hizo. Jina lake mjomba alilijua kwa kulisikia tu. Akaendelea kueleza: taa zilivyokuwa, tai walizovaa, jinsi watu walivyojaa mpaka dirishani. Yule mzee akawa anaitikia, "Ehe, ehe, kweli kabisa." Mimi nilikuwa nimekaa na daftari langu na kalamu, nimeambiwa niandike majina, na sikujua niandike nini. Njia nzima ya kurudi hatukulitaja. Hatukulitaja tena mpaka alipokufa.

Uongo wenye damu

Kwa muda mrefu uongo ule uliniumiza. Nilijisemea, ikiwa mtu mwema kama mjomba anaweza kudanganya kuhusu dansi, basi historia ya mdomo tunayoambiwa tukusanye ina thamani gani?

Ndipo nikawa nafikiria Kilwa yenyewe. Habari za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, zinasema mji ulianzishwa na watu waliokuja na merikebu saba kutoka Shiraz, baba na wanawe sita, na kisiwa kikanunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wanahistoria wamebishana sana. Wengi wakasema ni hadithi ya kujikweza tu, mji ni wa Waafrika wa pwani. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya pwani, ya Kilwa na Songo Mnara yakiwemo. Ukakuta damu ya Kiafrika, hasa upande wa mama, na damu ya Kiajemi upande wa baba, zimechanganyika karne nyingi. Merikebu saba hakuna aliyezihesabu. Lakini hadithi haikuwa hewa tupu.

Na mjomba? Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014, na katika kusoma habari za maisha yake nikakuta jambo lililonikalisha chini. Kabla ya kuingia NUTA mwaka 1964, alipata kupitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Kilwa Jazz! Sauti ile mjomba aliyoitambua Ilala ilikuwa imesimama chini ya jina la mji wetu. Kumbe alipomwambia yule mzee kwamba amewaona, alikuwa amekosea ukumbi na amekosea mwaka, lakini kipande cha bendi yake alikuwa amekiona kwa macho yake nusu saa iliyopita.

Nilikwenda Kivinje kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wewe umesoma?" Nikasema nimesoma. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona wavu wake. Baadaye shangazi aliniambia usiku ule mzee aliimba.

Nani ataandika?

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kusini kule Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa, na Kilwa ikawa kisiwa tena kama zamani. Lakini muziki haukukatika. Simu za watu ziliendelea kuimba. Ndivyo mambo yalivyogeuka: mjomba alikosa bendi kwa sababu ya mto, sisi tunaikosa huku imo mfukoni. Nyimbo tunazo, ila nani alisimama wapi siku zilipopigwa, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, nani alirudishwa mlangoni, hayo hayamo ndani ya simu.

Masultani wa Kilwa waliandikiwa. Wacheza dansi wa Kilwa, Lindi na Mtwara hawajaandikiwa, na wanaondoka mmoja mmoja. Kwa hiyo, ndugu mwenye kalamu, kabla hujaanza shairi lako la mia juu ya mapenzi, mkalie mzee mmoja jioni moja. Muulize aliipenda bendi gani. Muulize alivaa nini siku hiyo. Usimkatize, na usimwumbue mbele za watu.

Akikuambia Arnautoglu, andika Arnautoglu. Halafu siku ya pili, mkiwa wawili tu, muulize alivukaje mto.